Bima ya mbwa na paka: aina nne bega kwa bega, na unachotakiwa kuwa nacho kabla ya kukata

Mbwa akianza kujilamba nyayo usiku kucha, mwenyewe hufikiria viroboto kwanza. Anamwogesha, anafua tandiko lake, anangoja. Wiki ya tatu ngozi ya katikati ya vidole imekuwa nyekundu na mbichi, masikio yananuka, na daktari wa wanyama anatamka neno ambalo halitatoka tena kwenye faili: mzio. Mzio wa ngozi hauui, lakini pia haupoi ukaisha. Ni vidonge vya kila siku au sindano za mara kwa mara, na mbwa mwenyewe ana miaka mitatu. Pengine amebakiza mingine kumi.

Nimeanza na mbwa huyu makusudi. Matangazo ya bima hupenda kuonyesha ajali: mguu uliovunjika, gari lililopita kasi. Ajali ni bili moja kubwa, kisha mambo yanakwisha. Mwasho, kisukari, figo na moyo ndivyo vinavyoonyesha kama bima uliyokata ni bima kweli. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha ada za mwezi, iulize kila kampuni swali hili: ugonjwa ukianza mwaka huu, mwaka ujao mtaendelea kuulipia?

Majina ya vifurushi yasikuchanganye. Kiitwe cha dhahabu, cha msingi au kamilifu, ukisoma masharti mara nyingi utakuta mojawapo ya aina nne. Tumpitishe mbwa wetu kwenye kila moja.

Bima ya ajali tu

Hii hulipia mfupa uliovunjika, jeraha la kung'atwa, sumu aliyolamba. Magonjwa haigusi. Mbwa wetu wa mzio hapati kitu hapa, hata siku ya kwanza.

Ina nafasi yake, hata hivyo. Ni rahisi kuipata, maswali ya afya ni machache, na mara nyingi humpokea mnyama ambaye kwingine ameambiwa umri umempita. Lakini soma kwa makini namna inavyotafsiri neno "ajali". Mbwa mkubwa mwenye kifua kipana anaweza kujaa gesi tumbo likajisokota ndani ya saa chache, na asipopasuliwa haraka anakufa. Kwako wewe uliyemkuta ananing'iniza ulimi na kujaribu kutapika bila kutoa kitu, hiyo ni ajali. Kampuni nyingine huuita ugonjwa na haitoi chochote. Soksi au kokwa iliyomezwa nayo huangukia mpakani hapohapo. Uliza, na jibu ulipate kwa maandishi.

Bima ya miezi 12 kwa kila ugonjwa

Hapa kila ugonjwa mpya una saa yake. Inaanza kuhesabu tangu dalili au matibabu ya kwanza, na miezi 12 ikitimia, au fedha zilizotengwa zikiisha kabla, ugonjwa huo unatolewa kwenye bima moja kwa moja. Unaendelea kulipa ada, lakini mzio haulipiwi tena.

Kwa jeraha, kwa maambukizi ya kibofu, kwa mfupa unaounga baada ya wiki nane, bima hii inatosha kabisa. Kwa mbwa wetu ni mwaka mmoja wa nafuu, na baada ya hapo miaka tisa ya kujilipia. Wengi hawaielewi tofauti hii mpaka barua ya mwezi wa kumi na tatu, na ndiyo maana aina hii inanisumbua kuliko ile ya ajali tu. Ya ajali haimdanganyi mtu. Jina lake limesema yote.

Bima yenye ukomo wa fedha kwa kila ugonjwa

Haina saa, ina kibubu. Kila ugonjwa umetengewa kiasi fulani, na unaweza kukitumia mwaka huu au kukigawa kwa miaka minne. Kikiisha, basi. Mbwa wetu anaweza kwenda miaka miwili au mitatu, kutegemea bei ya dawa anayotumia, kisha analala njaa.

Panapoifaa zaidi ni kwenye upasuaji mkubwa wa mara moja. Kano ya goti ikikatika, kuna picha, upasuaji, dawa za maumivu na wiki kadhaa za mazoezi. Gharama yake inajulikana na kibubu kikubwa huitosha.

Bima ya kudumu

Hii si ile bima ya maisha inayolipa mtu anapofariki. Ni bima ya matibabu ambayo kiwango chake hujazwa upya kila mwaka unapohuisha mkataba. Kilichotumika mwaka jana kwa mzio kinarudi mwaka huu, na mwaka ujao, maadamu hujakatiza. Hili la kukatiza lina uzito: ukipitisha tarehe ya malipo mkataba ukafa, ukirudi baadaye unahesabiwa mteja mpya, na mzio unakuwa ugonjwa uliokuja nao.

Ndani yake kuna mgawanyiko ambao mawakala huupita haraka. Kampuni moja hukupa kiasi kimoja kwa mwaka kwa magonjwa yote. Nyingine hukupa kiasi kwa kila ugonjwa kila mwaka. Kama mnyama ana maradhi matatu kwa pamoja, chungu kimoja kinaweza kukauka mapema. Kama ana moja kubwa, chungu kimoja kikubwa ni bora kuliko vitatu vidogo.

Ada yake ndiyo ya juu kuliko zote, na itapanda kadiri mnyama anavyozeeka. Usiipime kwa ada ya mtoto wa mbwa wa wiki kumi. Iulize kampuni mbwa wa aina hiyohiyo mwenye miaka kumi analipiwa kiasi gani leo. Takwimu hiyo wanayo.

| | Ajali tu | Miezi 12 | Ukomo wa fedha | Ya kudumu |
|---|---|---|---|---|
| Mguu uliovunjika | Inalipa | Inalipa | Inalipa | Inalipa |
| Mzio, mwaka wa kwanza | Hapana | Inalipa | Inalipa | Inalipa |
| Mzio, mwaka wa pili | Hapana | Hapana | Kama fedha zimebaki | Inalipa |
| Mzio, mwaka wa sita | Hapana | Hapana | Pengine zimeisha | Inalipa, ukiwa hujakatiza |
| Kumpokea mnyama mzee | Rahisi | Vigumu | Vigumu | Vigumu zaidi |

Unachotakiwa kuwa nacho mkononi

Kukata bima yenyewe ni kazi ya dakika chache: jina la mnyama, aina yake, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, kama amehasiwa au amefungwa kizazi, anaishi wapi, alipatikana kwa njia gani. Kuna kampuni isiyodai karatasi hata moja siku hiyo. Hapo ndipo watu hudhani mambo ni mepesi, kumbe karatasi zinadaiwa siku ya kuomba fidia. Kila sharti lililo hapa chini litafute leo, mnyama akiwa mzima.

Umri. Kampuni nyingi humpokea mtoto wa mbwa au paka akifika wiki 8 hivi. Kwa upande wa juu, bima zinazogusa magonjwa huwa na umri ambao hazipokei mnyama mpya, na kwa mbwa wa aina kubwa, wanaozeeka upesi, mlango hufungwa mapema zaidi. Aliyekwisha kuingia huruhusiwa kuendelea. Anayekataliwa ni mgeni.

Chipu. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, huchomwa chini ya ngozi katikati ya mabega. Haina betri na haionyeshi mnyama yuko wapi. Ikipitishiwa kifaa cha kusomea hutoa namba tu, na kwa chipu zinazofuata kiwango cha kimataifa cha ISO namba hiyo ina tarakimu 15. Baadhi ya kampuni huidai, nyingine hupunguza ada ukiwa nayo. Pale Uingereza sheria imeidai kwa mbwa tangu 2016, na kwa paka wa England tangu Juni 2024. Kosa la kawaida si kukosa chipu. Ni namba kubaki kwenye jina la aliyekuuzia mnyama. Kahakikishe usajili uko kwa jina lako, lilelile litakaloandikwa kwenye hati ya bima.

Chanjo. Kitabu cha chanjo kiwe na tarehe na muhuri. Ukiacha sindano ya marudio, mara nyingi bima yote haifi. Kinachokataliwa ni ugonjwa ambao chanjo hiyo ingeukinga. Mbwa akiugua pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, na chanjo yake ilipitwa na wakati, bili ya kumlaza na kumtundikia dripu ni yako. Mfupa wake ukivunjika wiki hiyohiyo, unalipiwa. Meno nayo yana sharti la aina hii: kampuni nyingi hazilipii maradhi ya meno kama hukumpeleka kukaguliwa kinywa kila mwaka.

Kazi yake. Sema ukweli kama ni mbwa wa ulinzi, wa kuwindia au wa kuzalisha watoto wa kuuza. Bima ya mnyama wa nyumbani mara nyingi haimgusi mnyama wa kazi, na jambo hilo likigundulika kwenye dai, halina mjadala.

Kisha kuna faili la matibabu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mimi mwenyewe niliumia.

Mbwa wangu wa kwanza alipokuwa na mwaka mmoja na nusu nilimpeleka kliniki kwa chanjo. Nikataja, kwa kupitia tu, kwamba jana yake alikuwa anachechemea. Daktari akamkunja goti, akamkunjua, akaandika mstari mmoja: anachechemea kidogo mguu wa nyuma wa kushoto, apumzishwe siku tatu. Alipumzika, akapona, nikasahau. Mwaka uliofuata nikahamia kampuni nyingine kwa sababu ada ilikuwa nafuu, na kwenye fomu palipouliza kama amewahi kuwa na tatizo la viungo nikajibu hapana. Sikuwa nadanganya, sikukumbuka. Miezi minane baadaye kano ya goti la kulia ikakatika akikimbia. Kampuni ikaomba faili zima tangu kuzaliwa, ikaukuta mstari ule, ikakataa. Mguu wa kushoto ulikuwa umeufunga mguu wa kulia.

Ndivyo masharti yanavyosema katika bima nyingi: viungo vya jozi, yaani magoti, nyonga, macho na masikio, huhesabiwa kitu kimoja. Dalili upande mmoja kabla ya bima huuweka nje upande wa pili. Tena neno linaloangaliwa ni dalili, hata kama ugonjwa haukuwahi kupewa jina.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, omba nakala ya faili kliniki na uisome yote. Ukikuta dalili iliyoandikwa ikaachwa wazi, muulize daktari kama anaweza kumkagua mnyama na kuandika alichokiona leo, ikiwemo kwamba amepona. Usimwombe afute. Faili ni ushahidi wa afya ya mnyama wako, na mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa pande zote mbili. Ukificha jambo moja, kampuni inaweza kuuvunja mkataba mzima, hata kwa ugonjwa usiohusiana na ulichoficha. Kampuni nyingine hukubali kurudisha ugonjwa uliopona ndani ya kinga baada ya muda fulani bila dalili. Lazima uombe, na waandike.

Kipindi cha kungoja

Siku unayolipa siyo siku unayokingwa. Kwa magonjwa, siku 14 ni za kawaida. Kwa ajali ni chache zaidi au hakuna. Kwa kano za goti na nyonga baadhi ya kampuni hudai hadi miezi 6. Dalili ikitokea ndani ya kipindi hicho, unahesabiwa uliikata bima ukiwa tayari na mgonjwa.

Hesabu inayofichwa na ada ndogo

Bima mbili za aina moja, zenye ada inayolingana, zinaweza kukulipa tofauti kabisa. Chukua bili ya 1,000 kwa fedha yoyote. Una kiasi cha 100 unachojilipia kwanza, na kampuni inachangia asilimia 80. Kama 100 yako inatolewa kabla ya asilimia, unapata 720. Kama asilimia inapigwa kwanza kisha 100 inatolewa, unapata 700. Tofauti ndogo kwa bili moja, lakini mbwa wetu anapeleka bili mwaka mzima.

Kubwa zaidi ni hiyo 100 inatozwa mara ngapi. Ikitozwa mara moja kwa mwaka, umemaliza mwezi wa kwanza. Ikitozwa kwa kila ugonjwa, mwaka ambao mbwa ana mzio, jino bovu na jeraha la waya utajilipia 300. Na ikitozwa kwa kila dai, angalia: dawa ya mzio ya mwezi ikiwa ni 90, na kila mwezi unajilipia 100 ya kwanza, bima haitatoa hata senti moja kwa ugonjwa inaodai kuukinga. Niliposaidia jirani kusoma mkataba wake tulikuta hasa hivyo. Alikuwa amelipa ada mwaka mzima.

Wanyama wakizeeka, baadhi ya mikataba huongeza mchango wako kwa asilimia, tofauti na kile kiasi cha kwanza. Tafuta umri ambao sharti hilo linaanza.

Uliza pia nani analipa kwanza. Kampuni nyingi hurejesha fedha baada ya wewe kulipa na kupeleka ankara, risiti na maelezo ya daktari. Nyingine humlipa daktari moja kwa moja, kama kliniki imekubali. Saa nane za usiku, paka dume akiwa anajikamua kwenye mchanga wake na mkojo hautoki, unahitaji kujua jibu kabla hujatoka mlangoni: njia ya mkojo ikiziba hana muda mrefu, na kliniki itadai malipo ya awali. Tena hali hiyo huwarudia paka wengi. Bima ya miezi 12 haimfai.

Aina ya mnyama inabadilisha jibu

Kwa mbwa au paka wa mchanganyiko, sharti la magonjwa ya kurithi linaweza lisikuguse. Kwa wa aina maalumu ndilo la kwanza kusoma. Pug na French Bulldog wana njia finyu za hewa; Dachshund ana mgongo mrefu ambao diski za kati ya pingili zake huchomoka; German Shepherd ana tatizo la nyonga; Cavalier King Charles Spaniel ana tatizo la vali za moyo. Kwa paka, Maine Coon ana tatizo la misuli ya moyo na Persian ana uvimbe wa maji kwenye figo. Bima inayotoa nje magonjwa ya kuzaliwa nayo au ya kurithi, ukimkatia Pug, imetoa nje kile hasa kitakachompeleka hospitali.

Kulipia madhara kwa watu wengine

Hili ni jambo jingine kabisa, ingawa mara nyingi huuzwa pamoja. Mbwa akimng'ata mtu, au akikatiza barabara pikipiki ikaanguka, anayedaiwa ni wewe. Baadhi ya bima za matibabu zina kipengele hiki, nyingine hazina. Mahali pengine ni sheria: katika majimbo kadhaa ya Ujerumani, Berlin na Hamburg yakiwemo, kila mwenye mbwa lazima awe nayo. England na Wales, anayeruhusiwa kubaki na mbwa aina ya XL Bully kwa cheti maalumu anatakiwa kuwa na kinga ya namna hii. Angalia sheria ya ulipo kwanza, kwa sababu hapa hakuna uchaguzi.

Kuweka akiba badala ya bima

Wapo wanaosema: ada hiyo nitaiweka mwenyewe. Ninawaheshimu, na kwa baadhi yao ni sahihi. Akiba haina kipindi cha kungoja, haisomi faili, haikatai mguu wa kulia. Isipotumika inabaki yako. Shida yake ni moja: inahitaji muda. Mtoto wa mbwa anayemeza kokwa mwezi wa tatu anakuta akiba ya miezi mitatu. Anayeweza kulipa bili kubwa leo bila kukopa, akiba inamtosha. Asiyeweza, akate bima na aweke akiba ndogo ya kile kiasi cha kujilipia kwanza.

Usichanganye bima na mpango wa kliniki wa kulipa kila mwezi kwa chanjo, dawa za minyoo na viroboto. Huo ni utaratibu mzuri wa kugawa gharama unazozijua tayari. Hauna kinga ya ugonjwa.

Ningemchagulia nani ipi

Mtoto wa mbwa au wa paka mwenye afya, faili tupu: ya kudumu, mapema iwezekanavyo, kwa ada utakayoimudu hata ikipanda. Ikikushinda, afadhali ya kudumu yenye kiwango kidogo kuliko ya miezi 12 yenye kiwango kikubwa. Mnyama wa makamo ambaye tayari ana ugonjwa mmoja: ugonjwa huo umeshatoka nje, hivyo pima bima kwa yale yaliyobaki, na ukomo wa fedha kwa kila ugonjwa huweza kutosha. Mzee uliyemwokota juzi: ajali tu, pamoja na akiba.

Na kwa mwenye mbwa wetu wa mzio, ambaye sasa ana miaka sita na ada imepanda tena, anayetafuta kampuni nafuu: usihame kabla hujapata jibu la maandishi kuhusu ngozi na masikio yake. Kampuni mpya itauona mzio kuwa uliingia nao. Chukua dawa ulizolipiwa mwaka jana, jumlisha, linganisha na nyongeza ya ada inayokukera. Kama dawa ni nyingi kuliko nyongeza, huisha mkataba hapo ulipo, tena siku chache kabla ya tarehe yenyewe.